Kitanzi ndani ya Kitanzi

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ofisi kununua bahasha. Muuzaji alikuwa amefungua kichupa cha ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, anaangalia kama imekauka, na harufu yake ikanifikia pale kaunta. Nikasahau nilichofuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya vidole vya mama yangu nilipokuwa mtoto. Mama za wenzangu walinukia moshi wa jiko au mafuta ya nazi. Wangu alinukia rangi ya kufutia, karatasi ya kaboni na wino wa utepe, na mimi niliamini ndivyo anavyonukia kila mwanamke anayekwenda kazini.

Mama alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma pale Dodoma. Jina lake Peresi, mzaliwa wa Mlali, na kazi hiyo aliipata kabla mimi sijazaliwa. Baba alifariki nikiwa mchanga, simkumbuki. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, katika vyumba viwili tulivyopanga nyumbani kwa Bi Zuhura, mtaa wa Kikuyu. Bi Zuhura alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu, mtu wa mjini hasa. Babu zake walifika na misafara ya biashara wakaona pazuri, wakabaki. Aliuza kanga sokoni, na uani alifuga mbuzi jike mmoja aliyemwita Malkia, ambaye siku zote alifungwa kwenye nguzo ya jiko.

Baadhi ya Jumamosi mama alinichukua ofisini kwake. Nilikaa kwenye kiti cha bosi nikining'iniza miguu, naye akafanya kazi za watu wa kanisani: ratiba za kwaya, kadi za harusi, barua za michango ya ujenzi. Kuzunguka ukurasa alipiga pambo la vinyota, na kama ni Krismasi, katikati ya ukurasa alisimamisha mti mzima uliotengenezwa kwa vinyota vitupu, juu kimoja, chini vingi. Alipokuwa akiupiga midomo yake ilicheza bila sauti.

"Mama, unahesabu nini?"

"Nafasi. Nafasi nazo zinapigwa, kama herufi. Mashine haijui katikati ya karatasi ni wapi. Mimi ndiye ninayejua."

Nilimwona mkubwa mno siku hizo.

Kisha ukaja wakati ambao ninyi wa rika langu mnaukumbuka. Mitumba ilijaa sokoni, soda za makopo zikaonekana madukani, redio kila jioni ikataja mageuzi na ubinafsishaji, na baba za wenzangu wengine wakaanza kushinda nyumbani mchana. Siku moja mama naye alirudi kabla ya adhuhuri, mkononi ana mfuko wenye kikombe chake cha ofisini, kanga ya kufunikia mashine, na viatu vya chini alivyokuwa akiviacha chini ya meza. Bi Zuhura alikuwa uani anapepeta mchele. Mama akamsalimia, akaketi kwenye ngazi.

"Nimepunguzwa, Bi Zuhura," alisema.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilimtazama mama toka kichwani hadi miguuni nikitafuta sehemu iliyopungua. Gauni lilimkaa kama jana. Lakini jioni alipoinama kuchochea moto niliona mifupa ya mabega yake, nikasadiki: kweli wamempunguza, na kama hakuna atakayefanya jambo wataendelea kumpunguza mpaka aishe. Kuanzia siku hiyo, tukila, nilikuwa nikimsogezea mboga yangu. Namega tonge, nachovya kidogo sana, mlenda wote nausukuma upande wake. Alidhani naumwa. Alinipeleka zahanati nikapewa dawa ya minyoo, nikainywa bila ubishi, maana sikuona namna ya kumwambia mtu mzima kwamba namrudishia mwili wake.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na karani mmoja mzee, mpole, aliyepunguzwa pia katika shirika lingine. Wiki chache baadaye kwao walijaa watu, na wanawake waliokaa kwenye mikeka walilitaja neno kitanzi kwa sauti ya chini, wakanyamaza walipotuona. Nikamuuliza msichana mmoja wa darasa la tano kitanzi ni nini. Aliniambia kwa maneno machache, akionyesha na shingo yake. Sikumwambia mama kwamba nimeambiwa.

Miezi ikapita. Halafu bosi wake wa zamani akamletea habari: mradi fulani wa wafadhili ungefungua ofisi mjini, na ulihitaji mwandishi mmoja anayejua kompyuta. Chuo kimoja kidogo jirani na kwetu kingetoa mafunzo ya wiki sita kwa watu waliopunguzwa kazi, mchana, na mwisho wake ungekuwa na mtihani. Atakayeshinda ndiye angependekezwa. Mama alijiandikisha kesho yake.

Akawa mtu mwingine. Alianza tena kupiga pasi. Alinunua daftari kubwa la mistari, akalivalisha jalada la gazeti kama letu la shule. Akirudi alinisimulia: kompyuta ziko nne, wao ni kumi na moja, viatu vinaachwa barazani kwa sababu vumbi la Dodoma ni adui wa mashine zile, mwalimu ni kijana, anaitwa Mwalimu Elia, ana miwani mizito na hacheki ovyo. Wanafunzi walitaka wafundishwe kuandika barua basi, lakini Mwalimu Elia alikataa. Enzi zile masomo ya kompyuta yalianzia kwenye kuandika programu, na yeye alikuwa na msimamo wake.

"Anatuambia, anayejua kubonyeza tu anaweza kupunguzwa tena," mama alisema. "Lakini anayeweza kuiamuru mashine, huyo ana kitu."

Wiki mbili za kwanza zilimwendea vizuri. Vidole vyake vilijua vitufe kuliko vya wenzake wote. Aliiamuru kompyuta ichape kinyota kimoja, ikachapa. Akaiamuru irudie mara kumi, vikatokea kumi kwenye mstari mmoja, akarudi nyumbani akinionyesha hewani kwa kidole jinsi vilivyotokea, tap, tap, tap, bila mtu kugusa chochote. Wiki ya tatu wakafika kwenye maumbo. Mwalimu alitaka pembetatu ya vinyota, kisha mlima, kisha umbo lenye mlima juu na mlima mwingine chini uliopinduliwa. Hapo mama akakwama. Alirudi kimya. Alikaa kwenye mkeka na daftari lake, anaandika, anafuta, anachana karatasi, anaanza upya. Mara nyingine aliacha kalamu akaitazama nguzo ya jiko kwa muda mrefu, na Malkia naye akimtazama.

Mchana mmoja wa wiki ya sita nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nasugua masufuria kwa majivu. Mama alikuwa upande wa pili, peke yake. Nikamsikia anaongea taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa jambo.

"Kitanzi ndani ya kitanzi," alisema. "Kwanza naweka cha nje. Halafu cha ndani." Akanyamaza. "Nikikosea hapo, sitoki tena." Akashusha pumzi. "Basi. Kabla ya Jumatatu nitakuwa nimemaliza."

Sufuria ilinitoka mkononi ikabingirika kwenye majivu. Kimoja tu kilitosha kumchukua yule karani mpole. Mama yangu alikuwa anapanga viwili.

Sikulia, hilo nalikumbuka vizuri. Ilinijia akili ya ajabu, akili iliyotulia. Kitanzi hufanywa kwa kamba. Pasipo na kamba hapawi na kitanzi. Ilikuwa Ijumaa. Mama alipochukua ndoo kwenda bombani, nikaanza kazi. Nilishusha kamba ya kuanikia nguo, ya Bi Zuhura na ya kwetu. Nilichukua kamba ya mkonge iliyofungia mizigo kwenye baiskeli ya mpangaji mwenzetu, uzi wa katani uliofungia gunia la mkaa, na mkanda wa gauni la mama la kitenge. Chumbani nikaikuta kamba yangu ya kuruka, yenye vishikio vya mbao, aliyonichongea mjomba wa Mlali. Niliishika kidogo. Kisha nayo nikaiweka. Zote nikazisokomeza kwenye gunia la pumba nyuma ya banda la kuku.

Ilibaki moja: kamba ya Malkia. Nilifikiri sana juu yake. Mwishowe nikaona kwamba mbuzi yule amesimama pale pale maisha yake yote, hivyo amezoea, ataendelea kusimama. Nikamfungua.

Mnaofuga mbuzi mnajua kilichofuata. Mama alirudi na ndoo kichwani akamkuta Malkia katikati ya mkeka, anatafuna polepole, jalada la gazeti limemning'inia mdomoni. Daftari lilikuwa limeliwa nusu, tena nusu ya mwisho, ile ya maumbo. Mama alitua ndoo bila kumwaga tone. Akapiga magoti, akaokota vipande, akajaribu kuviunganisha kwenye goti lake. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mwalimu Elia alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam na angerudi siku ya mtihani yenyewe, Jumatatu, na mwanafunzi mwenzake pekee aliyekaa karibu, aliyekuwa akisoma naye, alikuwa amekwenda kwao Chemba msibani.

"Nani amemfungua mbuzi?" Bi Zuhura aliuliza kutoka mlangoni. Akatazama juu. "Na kamba yangu ya nguo iko wapi?"

Nikasema ni mimi.

Mama aligeuka. Hakunipiga, mama hakuwa mpigaji. Lakini uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba ningependa anipige.

"Damari, kwa nini?"

"Ili usiweke kitanzi."

Hakuelewa. Nikamwambia nimemsikia. Nikamwambia najua kilichompata yule karani, na kwamba amesema cha nje na cha ndani, na kwamba kabla ya Jumatatu atakuwa amemaliza, na kwamba mimi sitaki amalize. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Bi Zuhura alishika kizingiti. Mama aliviacha vipande. Alinivuta, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kuwekwa mapajani, akakaa hivyo huku vipande vya daftari vinapeperuka uani na mbuzi anavifuata.

"Zilete hapa," alisema baadaye. "Kamba zote."

Nililiburuta gunia. Mama akatoa kamba moja moja, akikung'uta pumba: ya nguo, ya pili ya nguo, ya baiskeli, uzi wa katani, mkanda wake, kamba ya Malkia. Mwisho akatoa ile yangu ya kuruka. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. Bi Zuhura, ambaye sikuwahi kumwona akitokwa na chozi hata msibani, alikwenda kumfunga mbuzi wake na akachukua muda mrefu sana kupiga fundo.

Nilipokuwa mtu mzima, nimezaa tayari, nilimuuliza mama kuhusu miezi ile. Nilimuuliza waziwazi kama aliwahi kuwaza jambo nililoliogopa. Alikuwa anachambua mchele.

"Hapana," alisema. "Huko sikufika." Akatoa jiwe, akalitupa. "Lakini kulikuwa na asubuhi ambazo niliona hata nisipoamka wiki nzima, hakuna atakayekuja kunitafuta. Niliamini hivyo kabisa. Halafu nikakuta mtoto ameficha hadi kamba yake ya kuruka."

Akaendelea kuchambua, nami sikumuuliza tena.

Siku ile ya kamba, tulipokwisha kunawa uso wote wawili, mama aliingia ndani akatoka na bakuli la karanga alizoletewa na bibi kutoka Mlali, na kikombe cha punje za mahindi. Akatandika mkeka upya.

"Kitanzi cha kwenye kompyuta si kamba," alisema. "Mwalimu amekipa jina hilo kwa sababu kazi inazunguka inarudi ilikoanzia. Kaa hapa nikuonyeshe. Maana hata mimi bado sijakiona vizuri, na daftari ndiyo hivyo tena."

Akaniambia mimi niwe kitanzi cha ndani. Kazi yangu ni kuweka karanga kwenye mstari, moja baada ya nyingine, mpaka idadi itimie, kisha ninyamaze. Yeye angekuwa kitanzi cha nje. Kazi yake ni kushuka mstari na kuniamsha nianze tena.

"Mstari wa kwanza," alisema.

"Niweke ngapi?"

"Moja."

Nikaweka moja, nikanyamaza.

"Mstari wa pili."

"Ngapi?"

"Mbili."

Tukaenda hivyo. Mstari wa nne sikuuliza. Alipotaja tu kwamba ni wa nne, nikaweka nne. Mama akainua mkono kunisimamisha.

"Umejuaje uweke nne? Sijakuambia."

"Si umesema mstari wa nne?"

Aliitazama pembetatu ya karanga. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, kama siku za Jumamosi za ofisini.

"Cha ndani kinakitazama cha nje," alisema polepole. "Hakijihesabii chenyewe tu. Kinakitazama cha nje kujua kifike wapi." Akajipiga paja. "Ni mashine ya chapa hii, Damari. Napiga herufi, napiga, napiga, nikifika mwisho navuta mkono, karatasi inapanda, naanza upya. Miaka yote nimekuwa mimi ndiye vitanzi vyote viwili."

Tukaja kwenye mlima. Hapo aliniongezea punje za mahindi, ziwe nafasi tupu, kwa sababu vinyota lazima visukumwe mpaka katikati. Mstari wa kwanza mahindi manne, karanga moja. Wa pili mahindi matatu, karanga tatu. Wa tatu mahindi mawili, karanga tano. Wa nne hindi moja, karanga saba. Wa tano hakuna hindi, karanga tisa. Bi Zuhura alikuwa amevuta kigoda karibu, na nilipotaka kuweka karanga nane kwenye mstari wa nne akasema, "Saba, mwanangu, inaongezeka mbili mbili." Kisha mama akayazoa mahindi yote kwa kiganja, mlima ukabaki umesimama peke yake kwenye mkeka, sawa kabisa kila upande.

Tulifanya hivyo Jumamosi yote, na Jumapili baada ya ibada. Mama aliandika upya kwenye karatasi za nyuma za daftari langu la hesabu. Karanga zilipungua kadiri tulivyosoma, maana kitanzi cha ndani kilikuwa na njaa.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, akanichukua. Niliketi barazani kati ya viatu vilivyovuliwa, chini ya dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya joto. Nilisimama juu ya tofali kuchungulia. Ndani palikuwa na kijani cha kioo cha kompyuta, mgongo wa mama ndani ya gauni lake la kitenge, na Mwalimu Elia anapita polepole bila viatu, soksi yake moja imetoboka kisiginoni. Walikuwa wanaingia wanne wanne. Mtihani ulikuwa ule mlima wenye mwenzake uliopinduliwa chini.

Mama aliandika muda mrefu. Kisha akabonyeza, na kioo kikajaa vinyota. Havikukoma. Vilikimbia mstari hadi mstari, vikapanda juu, vikatoweka, vikaja vingine, kama mchwa waliotibuliwa. Mwanamke aliyekaa jirani yake akageuka kutazama. Mama aliondoa mikono mezani akaiweka mapajani.

"Imezunguka, haitoki," Mwalimu Elia alisema. Alinyoosha mkono wake, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, vinyota vikasimama. "Una dakika kumi, Mama Damari."

Nilitaka kupiga kelele nimwambie kitu. Mama hakugusa kitufe. Aliinamisha kichwa. Kutoka ubavuni niliona midomo yake inacheza, na kidole chake cha shahada kinadonoa gauni, mara moja, mara moja, mara moja. Alikuwa anaweka karanga. Ghafla kidole kikasimama. Akaandika mstari mmoja tu, mfupi, katikati ya mingine.

Alinieleza baadaye kosa lilikuwa nini. Alisahau kukiambia kitanzi cha ndani kiongeze moja kila kinapochapa kinyota. Hivyo kilichapa, kikatazama hesabu, kikaona bado ni ile ile, kikachapa tena. Kingeendelea hadi leo.

Safari hii kioo kilitulia. Kisha kwenye kona ya chumba ikasikika sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kali, ya kwenda na kurudi, kama cherehani yenye hasira, na karatasi yenye vitundu pembeni ikaanza kupanda kutoka kwenye printa. Mwalimu Elia akaichana akaishika juu mwangani. Mlima juu, mlima chini. Aliiangalia, akaiweka mbele ya mama, akaenda kwa mtu mwingine.

Nafasi ile mama hakuipata. Alhamisi Mwalimu Elia alikuja mwenyewe nyumbani. Akapiga hodi, akamwamkia Bi Zuhura shikamoo, akaketi kwenye kigoda, magoti yakimfika kifuani.

"Wamemchukua mwenzako Anjela," alisema. "Alimaliza kabla yenu wote, na Kiingereza chake ni kizuri. Wamemtendea haki."

"Anastahili," mama alisema, akammiminia chai. Chai ilipojaa hakuona, ikamwagika kwenye kisosi.

"Sikuja kwa hilo peke yake. Zile dakika kumi. Wengine wakipata kosa lile wanafuta yote, wanaanza upya, wanalia. Wewe ulikaa kimya, ukaandika mstari mmoja. Ulifanyaje?"

Mama aliona haya kidogo. "Nilikuwa napanga karanga. Kichwani."

Ikabidi amweleze habari yote, mbuzi, kamba na mimi. Alieleza kwa kifupi na ile sehemu ngumu aliipitia haraka. Mwalimu Elia alivua miwani, akaifuta kwa shati, na bila miwani alionekana kijana mdogo tu.

"Neno lile nilikuwa nimelichagua mimi," alisema. "Sikufikiri."

"Ungejuaje, Mwalimu?"

Akavaa miwani tena. "Mwezi ujao nina wanawake tisa, wote wapiga chapa, wote wamepunguzwa. Mimi nikiwafundisha wananiogopa, nami nakimbia mno. Njoo uwafundishe wewe. Mimi nitakaa nyuma, ukikwama nitakusaidia."

"Mimi si mwalimu."

"Amemfundisha huyu mtoto," Bi Zuhura alisema kutoka jikoni, "na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nasikia. Sasa hata mbuzi wangu ameshiba masomo. Usimkatalie mgeni, Peresi, kunywa naye chai."

Mama alifundisha chuo kile miaka mingi. Alitumia karanga mpaka mwisho, na kazi ile inayojirudia aliiita mzunguko, hata vitabu vilipoandika vinginevyo. Lakini mimi hukumbuka zaidi siku yake ya kwanza. Wanawake tisa walivua viatu, wakaingia, wakaketi mbele ya vioo vyeusi na mikono wameifunga kifuani. Wengine walikuwa wakubwa kuliko mama. Aliwaeleza, akaandika ubaoni, akawaambia wajaribu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Nikiiharibu, dada, nitailipa na nini?" Wengine wakaguna kukubaliana naye. Mwalimu Elia, kule nyuma, alitaka kusimama, kisha akakaa.

Mama alifika dirishani akaniona juu ya tofali.

"Nawa mikono, uje," alisema.

Nilinawa kwenye pipa, nikajifuta kwenye sketi. Akanikalisha kwenye kiti cha mbele kabisa, miguu yangu haifiki sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuikaribia kompyuta. Ilitoa joto kidogo, kama mnyama. Mama aliinama begani kwangu, akanionyesha kitufe, akasema kitu kile kile alichowaambia wao, kwa sauti ile ile, bila kunibembeleza. Nikabonyeza. Kinyota kikatokea, kidogo, cha kijani. Nikabonyeza tena, cha pili kikakaa ubavuni mwake.

Yule mwanamke aliyeogopa alikuwa ameinuka kidogo kwenye kiti ili aone. Mama akanishusha, akakisukuma kile kiti kilichoachwa wazi mpaka kikagusa magoti ya mwanamke yule.

"Haya," akamwambia. "Kaa. Hizi herufi unazijua zote."